Mashine Isiyonuka Mafuta

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote pale hospitalini kwetu, hospitali ya wagonjwa wa akili, chini ya milima ya Dedza. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Wauguzaji, yaani ndugu wanaokuja kukaa na kuwapikia wagonjwa wao, walikuwa wanagombania kuni kavu kwenye banda lao. Mimi nilikuwa nimeegesha pikapu ya hospitali mahali ambapo daktari mkuu amekataza watu kuegesha. Nikaweka mguu juu ya dashibodi. Raha.

Naitwa Pilirani. Shule niliiacha darasa la saba, au tuseme tuliachana kwa amani, yenyewe ikashika njia yake na mimi nikashika usukani. Lakini wewe mwenye vyeti vilivyojaa sanduku, njoo tupande wote barabara ya Kanyezi wakati wa mvua, tope limefika kwenye bampa, tuone nani atafika na nani atamwita mama yake. Sikutishi. Nakupa taarifa. Na nakupa taarifa ya pili: mimi siogopi kitu. Nililala mochwari siku moja kwa sababu kitanda cha kwetu kilikuwa na kunguni. Kwa hiyo nikikuambia kwamba jambo hili lilinikausha mate, usinicheke. Meza mate yako wewe kwanza, ukiwa bado unayo.

Yaliyotokea yalimpata mama yangu mdogo, Enelesi, mdogo wake mama yangu mzazi. Ni afisa ustawi wa jamii, upande wa kupokea wagonjwa. Ameifanya kazi hiyo tangu mimi najifuta kamasi kwa kiganja. Meza yake iko barazani, si ofisini, kwa sababu anasema mtu aliyefungwa akiingizwa chumbani anadhani anapelekwa jela nyingine. Na kweli wanaletwa wamefungwa. Mikono nyuma, kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Wanaletwa kwenye mikokoteni, kwenye keria za baiskeli, wengine wamekaa juu ya magunia ya mahindi kama mzigo unaopelekwa sokoni.

Mama mdogo haulizi jina kwanza. Anachukua mkasi wake mkubwa, ule wa fundi cherehani, mpini umezungushiwa kitambaa chekundu, anakata. "Nipe mikono, mwanangu." Kacha. Kacha. Ndipo anasalimia.

Halafu anafanya kitu cha pili. Anaokota vile vipande vya mpira, anavikunja vizuri, anawarudishia ndugu kwa mikono miwili. Huku kwetu kamba ya mgonjwa haiachwi hospitalini. Ikibaki, wazee wanasema, itamwita mwenyewe airudie. Basi kila mtu anaondoka na kamba zake. Hata madaktari waliosoma Ulaya wanajua hivyo, ingawa wanajifanya wanaangalia pembeni.

Na kwetu anayezungumza ni mjomba. Mama wa mgonjwa anaweza kuwa amekaa pale, baba yuko, mgonjwa mwenyewe ana mdomo, lakini mwenye watoto wa ukoo ni kaka wa mama. Yeye ndiye anayesema ugonjwa ulianzaje. Yeye ndiye anayemchukua mtu siku ya kuruhusiwa. Mama mdogo ameandika maneno ya wajomba mpaka vidole vimepinda. Muulize siku hizi kuhusu wajomba. Lakini simama mbali, kwa sababu anarusha vikombe.

Basi asubuhi ile akaja Bwana Kachingwe.

Tulimjua. Mzee nadhifu, kofia ya pama, koti la vifungo vyote. Ana mashine ya kusaga mahindi kule Kanyezi, na watu wa vijiji vyote vya kule wanasaga kwake. Alikuwa amemleta mpwa wake, Falesi. Hii ilikuwa mara ya tatu.

Mara ya kwanza Falesi alikuja peku, nyayo zimejaa miiba. Mama mdogo alimwosha miguu mwenyewe kwenye beseni. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Alipoanza kupata nafuu tulimuuliza kimekwenda wapi, akacheka: "Nilikilima na jembe nikiwa mdogo. Nikasubiri kiote, wapi!" Msichana wa utani. Mimi alikuwa ananiita Dereva wa Mawinguni, kwa vile nilivyokuwa najisifu. Nilikuwa nampelekea miwa. Usiniulize kwa nini.

Lakini kila alipopona, mjomba alitokea. Kabla dawa hazijaisha, kabla mwili haujashika nyama, "Nimekuja kumchukua mpwa wangu." Anachukuliwa. Baada ya muda anarudishwa, amezidi kuharibika.

"Mama wa ustawi, tumerudi tena," alisema siku ile, kofia kifuani. "Mwanao amezidiwa."

"Umemfunga mpaka vidole vimevimba, mjomba."

"Ana nguvu, mama. Si za kawaida."

Mimi nikadakia, mdomo wangu haujui foleni: "Bwana Kachingwe, nguvu hizo ungezifunga kwenye mashine yako, ungesaga nchi nzima!"

Akanigeukia taratibu. Akatabasamu.

"Inasaga, kijana," akasema. "Inasaga."

Mama mdogo akakata. Kacha, kacha. Mikono ya Falesi ilipofunguka haikuanguka chini. Bega la kulia likaanza kuzunguka. Polepole, mbele, chini, nyuma, juu. Mdomoni alikuwa anavuma, mmmmm, sauti moja isiyopumua. Safari hii alikuwa amevaa raba mpya nyeupe, zimefungwa kamba mpaka juu. Na nywele zake zilikuwa nyeupe vilevile.

"Hii nini?" Mama mdogo akazigusa. Akanusa vidole. "Unga."

"Anajimwagia," alisema mjomba.

Akapokea kamba zake kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka. Mama mdogo akabaki ameshika vidole vyake vile vile, kama mtu aliyejichoma. Kutoka Kanyezi mpaka kwetu ni mwendo wa saa tatu kwa lori, na mvua ilikuwa imenyesha njia nzima.

"Pili," aliniita kwa sauti ndogo. "Njoo ushike."

Unga ulikuwa wa moto. Kama unavyotoka kwenye mashine.

*

Mama mdogo alikasirika. Sisemi alihuzunika, wanaohuzunika wako wengi, wanakuja na juisi. Yeye alikasirika. Alisimama kwenye baraza, akaapa mbele ya mlinzi, mbele ya wauguzaji na sufuria zao, kwamba safari hii Falesi haondoki na yule mzee hata aje na mfalme. "Mtu si mbuzi!" alipiga kelele. "Unamwazima, unamrudisha, unamwazima tena! Mimi hapa nimekuwa nini, zizi?"

Wakamcheka kichinichini. Mjomba ni mjomba.

Falesi akalazwa. Dawa ikaanza. Kila ikikaribia adhuhuri, bega lilianza kuzunguka na ule mvumo ukaanza, na jua likishuka anatulia, amelowa jasho kama aliyebeba mawe. Raba hakuzivua. Muuguzi akijaribu, anakunja miguu.

Halafu siku moja adhuhuri ikapita kimya.

Mama mdogo aliniita tukaenda wodini. Falesi alikuwa amekaa kitandani, ameshika mikono yake mapajani, macho yametulia.

"Kumenyamaza," alisema.

"Wapi, mwanangu?"

"Kanyezi kuna msiba. Mashine imesimama."

Nikataka kucheka. Kesho yake dereva wa lori la viazi akatuambia kwamba mama wa chifu wa kule amefariki, kijiji kizima kiko matangani, hakuna kulima, hakuna kusaga. Sikucheka tena.

Siku zile za matanga Falesi alipona mbele ya macho yetu. Alikula nsima, ugali wetu. Alikunja shuka. Nikampelekea muwa, nikajipanga mlangoni na kifua changu. "Falesi! Dereva wa Mawinguni nimetua."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu mnayepishana naye njiani.

"Asante, kaka," akasema.

Basi. Kaka! Nilinuna, nakwambia ukweli. Nilidhani ni dawa.

Jioni akamshika Mama mdogo mkono, akamvuta karibu, akanong'ona. Mimi nilikuwa nyuma yao, nilisikia.

"Mama, mjomba hanunui mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya mashine. Haina injini. Nyuma kuna chumba. Mimi ndiye ninayesukuma."

"Wewe uko hapa, mwanangu."

"Niko hapa," alisema. "Na niko kule. Usinirudishe, mama. Nenda ukakate mkanda. Ukienda, uchukue mkasi wako."

*

Matanga yakaisha, na asubuhi hiyohiyo Bwana Kachingwe akawa barazani, kofia kifuani.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, kalamu tatu mfukoni. "Mama Enelesi, mgonjwa anakula, analala, anaongea. Kitanda kinahitajika. Na mjomba ameshafika."

"Mjomba, mjomba! Daktari, huyu mtu anamchukua akiwa mzima, anamleta akiwa maiti inayotembea. Huoni?"

"Hayo mambo ya kichawi, mama..."

"Nimetaja uchawi mimi? Nimesema huyu mzee anamtumia binti. Kumtumia mtu hakuhitaji pembe wala ushanga. Hata wewe unanitumia, na mshahara wangu umechelewa!"

Barazani kila mtu akatazama chini. Daktari akasafisha koo. Mama mdogo akapiga meza. Kazi yake ina kanuni moja, ambayo kwa kuwaheshimu wajomba hakuwahi kuitumia, na hakuna daktari anayeweza kuiruka: haruhusiwi mtu kabla yeye hajaiona nyumba anakorudi.

"Nyumba kwanza," alisema. "Leo hii. Pili, washa gari."

Nilitarajia mzee abishe. Wapi. Alikaa kwenye benchi, akanyoosha suruali yake magotini.

"Nenda, mama. Mimi nitakaa hapa na mpwa wangu. Mashine inasaga yenyewe."

*

Niliiendesha ile pikapu, ndugu yangu. Kwenye tope la daraja la miti nilipita kwa magurudumu mawili na nusu. Nikamwambia Mama mdogo, "Umeona? Nani mwingine angepita hapa?" Mkasi ulikuwa mapajani mwake, ameushika kama watu wanavyoshika biblia.

Tuliisikia kabla hatujaiona. Mmmmm. Jua lilikuwa karibu utosini. Wanawake walikuwa wamejipanga na mabeseni yao kichwani, vitenge vimefungwa vizuri, wanapiga soga. Nyumba ya mashine ya matofali ya kuchoma, mlango wa bati. Hapakuwa na msimamizi. Kila mmoja alikuwa anamimina mahindi yake mwenyewe, anakinga unga wake mwenyewe, anatoka.

Mimi ni mtu wa magari. Injini ya dizeli naijua kwa pua. Nikanusa. Nikanusa tena. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na harufu ya mafuta. Kulikuwa na harufu ya jasho.

"Injini iko wapi?" Mama mdogo alimuuliza mama mmoja aliyekuwa mbele ya foleni.

"Ipo nyuma, mama. Hatuendi huko."

"Kwa nini?"

Yule mama akahamisha beseni. "Mashine ni mashine, mama. Inasaga laini."

Niliwatazama wale wanawake mmoja mmoja. Hakuna aliyenitazama. Walijua. Wote walijua, wakasonga nsima, wakawalisha watoto wao, wakashushia na mboga. Ningekuwa na kiberiti siku ile, wallahi ningechoma kila beseni.

Tukaingia. Mashine ilikuwa inatetemeka, inatema unga. Mkanda wake ulitoka kwenye gurudumu, ukapita kwenye tundu ukutani, ukapotelea nyuma. Mama mdogo akausogelea. Akainama.

"Pili."

"Naam."

"Uangalie huu mkanda."

Haukuwa mkanda wa dukani. Ulikuwa umeshonwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kipande kwa kipande, kwa uzi wa katani. Na kila kipande kilikuwa kimekatwa ncha moja kwa mkasi. Mkato mshazari, safi. Mkato wake mwenyewe. Niliujua hata mimi.

Sijawahi kumuona mtu mzima akibadilika rangi namna ile.

"Nilimpa," alisema. "Kwa mikono miwili."

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini mzee alikuwa anamleta Falesi hospitalini. Si apone. Alitaka kamba zikatwe na mkono wa mwingine, mkono wa huruma, kisha arudishiwe. Kila alipomfunga na kumleta, mkanda uliongezeka urefu.

Mama mdogo akatoka. Akazunguka nyuma. Nikamfuata. Kulikuwa na mlango mdogo, umefungwa kwa kijiti tu. Nani angeiba?

Akauvuta.

Ndani palikuwa na mwanga wa kutosha. Paa lilikuwa na matundu. Palikuwa na nguzo katikati, na mti mrefu umefungwa kwenye nguzo kwa kulala, kama ule unaozungushwa na ng'ombe kwenye kinu. Mkanda ulikuwa umeizunguka nguzo. Mti ulikuwa unazunguka.

Hapakuwa na ng'ombe. Hapakuwa na mtu.

Chini palikuwa na unga, umetanda kama vumbi. Ndani ya unga palikuwa na njia, duara, imechimbika mpaka kufika goti. Na kwenye njia ile zilikuwa zinatokea nyayo.

Sikusema zilikuwepo. Zilikuwa zinatokea. Mmoja. Halafu mwingine mbele yake. Peku. Ndogo. Zilitupita karibu kabisa, zikaendelea, zikazunguka, zikarudi. Nikasikia pumzi.

Mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho.

"Falesi," Mama mdogo alinong'ona.

Nyayo zikasita. Mti ukasita. Kule mbele mashine ikakoroma. Halafu mti ukasukumwa tena, kama kuna kitu nyuma chenye kiboko, nyayo zikaenda mbio.

Mimi nilirudi nyuma. Nakwambia wazi. Nilirudi mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mama mdogo hakurudi. Alitukana. Mwanamke wa kanisa, mwimba kwaya, alitoa tusi ambalo hata gereji sijalisikia. Akaruka ndani ya duara na mkasi wake.

Kacha.

Mkanda ukakatika. Mashine ikalia, ikanyamaza.

Nyayo zilisimama. Miguu miwili, sambamba. Halafu, polepole, zikageuka. Vidole vikatuelekea sisi.

Hatua moja. Nyingine. Zikapita kati yetu. Mkono wangu ukaguswa na kitu cha moto na chenye jasho. Kwenye kizingiti unga ukabaki, umepigwa muhuri wa wayo. Kisha nyasi zikalala, moja moja, kuelekea kwenye gari.

Kule mbele yule mama wa beseni akapaza sauti: "Jamani, mmekata? Na mimi unga wangu umefika nusu!"

*

Nilipowasha pikapu, ilikuwa nzito nyuma. Springi zilishuka. Sikuangalia kwenye kioo.

Mama mdogo alilia njia yote, analia na huku anapiga mlango ngumi. Lakini tulivyokaribia akajipangusa. "Amepona sasa," alisema. "Nimemkata. Tutamkuta mzima."

Tulikuta kelele barazani. Bwana Kachingwe alikuwa chini. Bega lake la kulia linazunguka. Mbele, chini, nyuma, juu. Mdomoni anavuma, mmmmm, mate yanatiririka. Walinzi walikuwa wamemfunga kwa vipande vya mpira alivyokuja navyo mfukoni mwa koti, vile alivyokuwa amemwandalia mpwa wake. Kofia imebiringika huko. Kichwa chake kilikuwa cheupe kwa unga.

Falesi alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni yake, anachana nywele.

"Ilianza ghafla tu," alisema. "Adhuhuri."

Mama mdogo akapiga magoti mbele ya yule mzee. Kwa hasira zote zile, bado mkono wake ulikwenda kwenye mkasi. Ndiyo kazi yake. "Nipe mikono." Akakata. Akaviokota vipande, akavikunja. Akageuka kutafuta nani ndugu wa mgonjwa, nani wa kupewa.

Falesi alikuwa ameshasimama. Amenyoosha mikono yote miwili.

"Mimi ndiye ndugu yake, mama. Nipe."

Mikono ya Mama mdogo ilikuwa tayari inakwenda. Mazoea ya miaka. Mimi nilitazama chini, kwa sababu nilishindwa kumtazama usoni, na ndipo nilipoziona zile raba nyeupe, zimewekwa vizuri chini ya benchi. Amezivua.

Nikaona miguu yake.

"Mama mdogo," nilisema. Nikarudia. "Mama mdogo. Vidole."

Mguu wa kulia, vitano. Mguu wa kushoto, vitano.

Akatazama. Akavuta vile vipande vya mpira, akavikumbatia kifuani.

Hapo akili yangu ya darasa la saba ikapiga hesabu ambayo daktari wa kalamu tatu hajaipiga mpaka leo. Mashine ilikuwa inasaga tangu asubuhi matanga yalipoisha. Aliyekuwa anaisukuma alikuwa kule, amelowa jasho. Huyu alikuwa hapa, anachana nywele. Mwenzetu alishabadilishwa zamani, tukaletewa mfano wake, vidole vimefichwa ndani ya raba, na huyu ndiye aliyetutuma tukakate mkanda ili mashine imgeukie mjomba, na yeye airithi.

"Si ndiyo desturi, mama?" aliuliza yule msichana, mikono bado mbele. Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mjomba.

"Desturi imekufa leo," alisema Mama mdogo.

Alivichukua mwenyewe mpaka banda la wauguzaji, akavitupa kwenye moto chini ya sufuria ya mtu, akasimama pale mpaka moshi mweusi ukaisha. Aliporudi benchi lilikuwa tupu. Msichana alikuwa amemshika mjomba wake mkono, wakatoka getini. Mlinzi hakuwazuia. Ndugu na mgonjwa wake, awazuie kwa nini? Raba zilibaki. Nilizigeuza. Ulimwagika unga, na ulikuwa wa moto.

Watu wa malori wanasema mashine ya Kanyezi inasaga tena. Mwenyewe sasa ni mwanamke kijana, mcheshi, hana maneno. Wanawake wanajipanga. Bwana Kachingwe hajaonekana. Hawaulizi. Unga ni laini.

*

Sasa kama huniamini, njoo uione pikapu yangu. Kila nikiiosha, adhuhuri ikifika nyuma panatokea vumbi jeupe, na ndani ya vumbi nyayo, duara, zinazunguka. Mguu wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Rangi ya bati imeshalika, umebaki mviringo wa chuma kitupu, unang'aa kama sarafu. Daktari mkuu alitaka gari liuzwe. Mama mdogo akamwambia aliuze na yeye akiwa ndani. Kwenye kitabu cha wodi walishamwandika Falesi ameruhusiwa. Mama mdogo akalifuta neno lile mpaka karatasi ikatoboka.

"Mgonjwa wangu hajatoka," anasema.

Na siku hizi ukileta ndugu yako amefungwa, ujue kamba hairudi. Anaichoma mbele yako. Mjomba akinung'unika anaoneshwa geti.

Kila siku saa sita anapanda nyuma ya pikapu na sahani ya nsima na mkasi wake wa kitambaa chekundu. Anapiga magoti katikati ya ule mviringo. Wagonjwa wanasimama madirishani kumtazama, na hakuna hata mmoja anayecheka. Wanaocheka ni madaktari. Anapapasa hewa, anatafuta viganja. "Nipe mikono, mwanangu. Nipe mikono."

Mkasi unafunga, hauna kitu. Siku baada ya siku, hauna kitu. Nikamwambia, "Mama mdogo, utachoka." Nusura nipigwe sahani.

Jana nilikuwa nimekaa kwenye usukani, mguu dashibodini, nasikiliza ule mkasi.

Kacha.

Haukuwa mlio wa hewa. Nilishuka. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti vilevile, hajasogea, macho yamemtoka. Nyayo zilikuwa zimesimama mbele yake, sambamba. Na juu ya bati, kwenye ule mviringo wa chuma, kilikuwa kimelala kipande cha mpira wa baiskeli, cha zamani, kimekatwa mshazari, bado kina jasho.

"Mkono mmoja," Mama mdogo alinong'ona. "Umebaki mmoja."